Tuache Kuisingizia Balehe

Mwambie mtu mzima wa Mugumu, wilayani Serengeti, kwamba msichana fulani wa kidato cha pili ana sonona, na jibu utalipata kabla hujamaliza kueleza. "Hiyo ni balehe, itapita." Anayejibu hivyo kwa kawaida ni mtu mwema. Ni mama aliyelea watoto wake na wa marehemu dada yake, ni mwalimu ambaye darasa lake limejaa hadi mlangoni, ni mzee wa kanisa anayeheshimika. Wala jibu lenyewe halisemwi kwa ukali. Husemwa kwa upole, likiwa na nia ya kufariji. Ndiyo maana limeenea kiasi cha kutohitaji mtetezi, iwe barazani, sokoni au kwenye foleni ya zahanati.

Nalipinga jibu hilo. Nalipinga kwa sababu linauchukua umri ambao ugonjwa huu huanza na kuugeuza kuwa umri wa kutoulizwa kitu. Na kwetu Serengeti, pamoja na jirani zetu wa Tarime, linafanya kazi nyingine ambayo hatupendi kuitaja hadharani: linatuondolea sisi watu wazima swali la nini kimempata mtoto, na mkono wa nani umo.

Tuanze na lililo kweli ndani yake. Balehe ipo na ina nguvu. Homoni zinaubadilisha mwili, na ubongo nao unajengwa upya. Sehemu zinazowasha hisia huchangamka mapema, ilhali sehemu ya mbele, ile inayopima na kuzuia, inaendelea kukomaa hadi mtu anapokaribia miaka 25. Hata usingizi husogea: kijana wa miaka 15 huchelewa kusinzia, kisha anaamshwa saa kumi na moja alfajiri atembee kwenda shule ya kata iliyo mbali na kwao. Kwa hiyo atanuna bila sababu unayoiona, atalia kwa neno moja la rafiki, na jioni utamsikia akicheka na wenzake nyuma ya nyumba. Mzazi anayesema hayo ni ya umri hajakosea hata kidogo. Hali ya balehe hupanda na kushuka. Kijana anamchukia baba yake Jumatatu, na Jumatano anamwomba fedha ya daftari.

Sonona hukaa. Inakaa wiki mbili mfululizo au zaidi, sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku. Kilichokuwa kikimpa raha hakimpi tena. Aliyekuwa hakosi mazoezi ya kwaya sasa haendi, na ukimuuliza hana jibu. Chakula kinamshinda. Usingizi unakatika saa nane usiku, au kinyume chake hataki kuamka kabisa. Mwalimu anaeleza, naye anamtazama tu, hakishiki kinachosemwa. Anajiona mzigo na kujilaumu kwa mambo ambayo hakuyatenda. Na hapa wengi hupotea njia, kwa kuwa kwa mtu mzima tumezoea kutafuta huzuni, lakini kijana mwenye sonona anaweza kuja na hasira. Miongozo ya kitabibu inahesabu kukereka na ukali wa mtoto na kijana kuwa dalili ya msingi, sawasawa na huzuni. Yule tunayemwita jeuri, aliyemtupia mdogo wake sahani na kumjibu mama yake vibaya mbele ya wageni, huenda ndiye mgonjwa wa nyumba.

Mwingine huja na maumivu: kichwa, tumbo, kifua kinachobana. Anapelekwa zahanati, anapimwa malaria, hana. Anapewa Panadol. Baada ya siku chache anarudi na kichwa kilekile, anapimwa tena, hana tena. Mara ya tatu anaambiwa anadanganya ili akwepe shule. Katika safari zote hizo hakuna aliyemkalisha pembeni na kumuuliza analala vipi, anakula vipi, na kitu gani kinamsumbua moyoni.

Kila mtu wa Mara anajua kwamba si kila homa ni malaria. Hata hivyo sijaona mzazi anayemnyima mtoto mwenye homa kipimo kwa hoja kwamba homa nyingi hupita zenyewe. Tunapima kwa sababu tunajua ile moja isiyopita inaua. Kwa mabadiliko ya moyo wa kijana tumefanya kinyume: kwa kuwa mengi hupita, tumeamua kutopima hata moja.

Na hayo yasiyopita si machache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mmoja katika kila saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili la aina fulani. Kwa sonona peke yake, kati ya vijana wa miaka 15 hadi 19, ni zaidi ya watatu katika kila mia. Chukua darasa la wanafunzi 60: kwa kadirio hilo la dunia nzima, wawili wamo humo, na mwalimu anawaita majina yao kila asubuhi. Kabla ya balehe wavulana na wasichana hulingana. Baada yake wasichana huugua karibu mara mbili ya wavulana. Karibu nusu ya matatizo ya akili ya watu wazima huwa yameshaanza kabla mtu hajafika miaka 18. Kwa hiyo anayesema "ni balehe" kana kwamba balehe ni kinga, amegeuza mambo juu chini. Balehe ndiyo mlango ambao ugonjwa huu huingilia.

Wanaosema "itapita" wana ushahidi wa aina moja tu, yaani wale waliovuka. Wanajitazama wenyewe na kusema, mbona sisi tulipita. Aliyeacha shule akaitwa mtoro hayumo katika hesabu yao. Aliyeozwa haraka ili atulie hayumo. Aliyekwenda kufanya kazi za ndani Mwanza, simu yake ikanyamaza, hayumo. Na yule aliyezikwa upesi huku watu wakinong'ona, ambaye sababu ya kifo chake mpaka leo inatajwa kwa jina la ugonjwa mwingine, naye hayumo. Ukiwaondoa wote hao, bila shaka itaonekana kwamba hupita.

Sasa nije kwenye lile swali tunalolikwepa, na nitakaa hapo kwa muda, kwa sababu hapo ndipo Mugumu inapotofautiana na kitabu chochote cha afya kilichoandikwa kwingine.

Shule zetu hufungwa Desemba. Desemba ndio mwezi wa mavuno ya sherehe, na katika miaka ambayo wazee wa mila wametangaza msimu, ndio mwezi wa ukeketaji. Sheria iliyotungwa mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake ni kifungo. Mila haijaisha kwa hilo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 uliwakuta wanawake 32 katika kila 100 wa mkoa wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa mwaka 2022 uliwakuta 28. Kupungua kupo, nami nashukuru. Lakini tafakari darasa la kidato cha kwanza au cha pili linalofunguliwa Januari, baada ya Desemba ya namna hiyo.

Yumo aliyekeketwa. Jeraha linapona, watu wamemshangilia na kumpa zawadi, na wakati huohuo anajua kwamba waliomshika miguu ni watu anaowaita shangazi na mama mdogo. Afanye nini na ujuzi huo? Hawezi kuwachukia, maana ndio waliomlea. Hawezi kuwaamini tena. Yumo aliyekataa na akabaki nyumbani, ambaye kila anayepita kisimani anamwita kwa jina la dharau wanaloitwa wasiokeketwa, na ambaye mama yake mwenyewe anazungumza naye kwa mafumbo. Yumo ambaye ng'ombe wake wa mahari wameshahesabiwa, naye anasikia mazungumzo ya sebuleni kupitia ukutani. Kwa Wakurya anaweza kuwa anapelekwa kwa mwanamke mzee asiye na mtoto wa kiume, katika ndoa ya nyumba ntobhu, akazae kwa ajili ya boma lisilo lake. Wote hawa wana miaka kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano. Wote wako kwenye balehe. Na wakianza kunyamaza, kushindwa kula, kukosa hesabu walizokuwa wakizipata, tunasema kwa sauti moja kwamba ni balehe.

Tukubaliane kwamba neno hilo hapo ni pazia. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa taifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania. Karibu wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Mtoto aliyepatwa na jambo hilo mara nyingi hawezi kulitaja. Mwili na tabia yake ndivyo vinavyolitaja: usingizi unaoruka, hofu ya kuguswa, alama zinazoporomoka ghafla. Tukiziita dalili hizo balehe, aliyemtenda ndiye anayenufaika na utambuzi wetu.

Kuna kundi jingine, la wasichana waliokimbia ukeketaji, ambalo tunalikosea hata pale tunapodhani tumelitendea haki. Nyumba Salama ya Mugumu ilifunguliwa mwaka 2014 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Mara. Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa na miaka 13 na nusura afe kwa kutokwa damu, ameifanya kazi hiyo ya hifadhi ijulikane duniani, na mwaka 2017 akaanzisha shirika la Hope for Girls and Women. Tarime kuna kambi ya Masanga. Wasichana hukimbilia huko usiku, wengine kwa miguu kupita porini. Wakishafika, jamii huvuta pumzi na kusema wameokoka. Na msichana akilia mwezi wa pili, wa tatu, watu hushangaa: ameshaokolewa, anasoma, anakula, analilia nini?

Analilia mama yake. Analilia wadogo zake aliowaacha, mbuzi wake, sauti ya nyumba yao. Amelazimika akiwa na miaka 13 kuchagua kati ya mwili wake na ukoo wake, uchaguzi ambao mtu mzima ungemlaza kitandani. Wanaoendesha nyumba hizo wanalielewa hilo, na ndiyo maana hufanya kazi ngumu ya kuwapatanisha wasichana na wazazi wao, hadi wazazi waweke saini kwamba hawatawakeketa. Sisi wengine hatujaelewa. Tumehesabu wokovu wa mwili na kuufunga mjadala. Wilaya inayojivunia kuwaokoa wasichana wake inapaswa pia kuwauliza, miezi sita baadaye, kama wanalala usiku.

Mvulana naye ana mzigo wake, na kwake ukimya ni mkubwa zaidi. Anatoka jandoni na kuambiwa kwamba sasa yeye ni mura, yaani kijana mwanamume, na mura halii. Kuanzia siku hiyo machozi yake yamepigwa marufuku, lakini sababu za kulia zimebaki palepale: baba asiyerudi, shamba lililoliwa na tembo waliotoka hifadhini, matokeo mabaya, kaka aliyekamatwa kwa ujangili. Huzuni iliyonyimwa machozi itatokea kwa njia nyingine. Itatokea kwenye gongo na bangi, kwenye ngumi, kwenye pikipiki inayoendeshwa na mtu asiyejali kama atafika. Halafu tunaitisha kikao kuzungumzia mmomonyoko wa maadili ya vijana.

Najua nitajibiwa kwamba haya ni maradhi ya wazungu, kwamba babu zetu hawakuyajua. Hoja hii inarudiwa sana na watu wenye elimu, kwa hiyo inastahili jibu la ushahidi. Kaskazini mwa Uganda, wakati wa vita vya Lord's Resistance Army, watafiti walikwenda kwenye kambi za wakimbizi wa ndani za Waacholi karibu na Gulu. Hawakuanza na fomu kutoka New York. Waliwauliza Waacholi wenyewe watoto wao wanasumbuliwa na nini, na Waacholi wakaeleza hali ambazo walikuwa na majina yake tayari kwa lugha yao: mtoto anayekaa peke yake, anayelia, asiyekula, anayewaza kufa. Maelezo hayo yalifanana mno na sonona ya vitabuni. Hakuna mzungu aliyewafundisha Waacholi kuona kwamba mtoto amezama.

Matokeo ya utafiti huo, yaliyochapishwa mwaka 2007, yana somo jingine kwetu. Vijana 314 wa miaka 14 hadi 17 waligawanywa. Kundi la kwanza lilikutana kila wiki kwa wiki 16 kuzungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha yao, likiongozwa na watu wa palepale waliopewa mafunzo. La pili lilipewa michezo na sanaa. La tatu lilisubiri. Michezo peke yake haikupunguza sonona kuliko kusubiri. Mazungumzo yaliipunguza kwa wasichana waziwazi. Kwa wavulana tofauti haikuwa ya kutegemewa. Nimelitaja na hilo la wavulana kwa makusudi, kwa sababu linanihangaisha. Kumwita mvulana kwenye duara na kumwambia azungumze hakutoshi mahali ambapo alifundishwa kwamba kuzungumza ni udhaifu. Kwake tunapaswa kutafuta njia yenye wanaume ndani yake: wajomba, makocha, wanarika wenzake waliomtangulia. Lakini pia tusijidanganye kwamba mpira utatibu kila kitu. Mpira ni mzuri. Mwenye sonona anauangalia ukipita.

Kuhusu babu zetu nitakubali jambo moja, tena kwa moyo wote. Zamani mtoto hakuachwa peke yake. Msichana alilala nyumbani kwa bibi, na bibi ndiye aliyeulizwa yale ambayo mama haulizwi. Utani wa bibi na mjukuu ulikuwa ruhusa ya kusema lolote. Mvulana alikuwa na rika lililoingia jandoni pamoja naye na kuzeeka pamoja naye. Hayo yamepungua sana. Watoto wako bwenini au wamepanga chumba mjini ili wawe karibu na shule, na bibi yuko kijijini na simu isiyo na chaji. Anayesema zamani haya hayakuwepo anasahau kwamba na waliosikiliza walikuwepo. Amekibakiza kitu kimoja tu cha zamani, nacho ni ukimya.

Ukimya huo unapata msaada wa fimbo. Huku kwetu fimbo inaheshimiwa, na anayeipinga huonekana amelishwa maneno. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko shuleni visivyozidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule. Kila mtu anajua kinachotokea kwa hakika. Mabula Nkuba wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam na wenzake walichapisha mwaka 2018 utafiti uliowahoji wanafunzi 700 wa sekondari nchini pamoja na wazazi. Zaidi ya asilimia 90 ya wanafunzi walikuwa wameadhibiwa kwa ukatili nyumbani ndani ya mwaka mmoja, na kadiri ukatili ulivyozidi ndivyo matatizo ya hisia na tabia yalivyozidi. Mtu anaweza kusema kwamba mtoto msumbufu ndiye anayechapwa zaidi, na utafiti wa aina hiyo hauwezi peke yake kuonyesha kipi kilitangulia. Sawa. Lakini basi niambie dawa gani hii ambayo karibu wote wameinywa, tena kwa miaka, na wanaoinywa zaidi ndio wagonjwa zaidi, nasi tunaendelea kuongeza kipimo. Mwenye sonona tayari anajiambia usiku kucha kwamba hafai. Kiboko kinamthibitishia.

Kuhusu maombi nitasema kwa kifupi. Mchungaji anayemwombea kijana na kisha akamshika mkono hadi kituo cha afya amefanya kazi ya Mungu mara mbili. Anayemwombea na kumkataza kwenda, akisema ni pepo, na akimfungisha siku kadhaa mtoto ambaye tayari hali chakula, ana damu mikononi. Waganga wa jadi nawaambia hilohilo.

Hoja inayobaki, na ndiyo nzito kuliko zote, inatolewa na wahudumu wa afya wenyewe. Wanasema: tukubali kwamba ugonjwa upo, tutawapeleka wapi? Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe iko Dodoma, mwendo wa siku nzima au zaidi, na jina lake peke yake linatosha kumfungia msichana mlango wa kuolewa. Madaktari bingwa wa akili nchini ni wachache mno na wengi wako miji mikubwa. Kwa nini tumpe mtoto jina la ugonjwa ambao hatuwezi kuutibu?

Nawajibu kwamba kwa vijana walio wengi, matibabu ya kwanza ya sonona hayahitaji daktari bingwa wala kitanda. Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda amewafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wagonjwa kwa utaratibu maalumu, hatua kwa hatua, hadi mgonjwa anapata tatizo moja la kuanza nalo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipona zaidi ya waliopata huduma ya kawaida, na mpango huo ulivuka bahari ukafika Zanzibar. Kenya, Tom Osborn na wenzake wa Shamiri waliwapa mafunzo vijana waliomaliza sekondari muda si mrefu, wakawatuma kwa wanafunzi wenye dalili za sonona au wasiwasi. Ilikuwa saa moja kwa wiki, wiki nne tu. Katika jaribio la wanafunzi 413 lililochapishwa mwaka 2021, dalili zilipungua zaidi kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma, na nafuu ilikuwa bado ipo miezi saba baadaye. Mugumu haikosi bibi. Wala haikosi vijana waliomaliza kidato cha sita wanaosubiri ajira.

Wanaoogopa kwamba tutawajaza watoto vidonge nao watulie. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo visivyo na mabingwa hauruhusu dawa za sonona kwa watoto wadogo, na kwa vijana unazitaka dawa za zamani kama amitriptilini ziachwe kabisa. Dawa nyingine hutolewa kwa ushauri wa bingwa, pale mazungumzo yaliposhindwa. Nao wanaosema tutalea kizazi legelege wajiulize ni nini kigumu zaidi kwa kijana Mkurya, Mngoreme au Mwikoma: kunyamaza kama alivyozoezwa, au kusimama mbele ya mtu mzima na kusema "nimechoka kuishi". Linalohitaji ujasiri ni lile la pili.

Na akisema hivyo, aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Wazazi wengi huogopa kwamba swali litampandikizia wazo. Halimpandikizii, wataalamu wamelichunguza hilo mara nyingi, na kijana anayeulizwa kwa utulivu hupata nafasi ya kuutua mzigo. Kujiua ni sababu ya tatu ya vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29 duniani. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake siku hiyo, vitu vya hatari viondolewe karibu naye, na apelekwe kituo cha afya pamoja na mtu anayemwamini. Simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, ni ya bure, na mtoto anaweza kuipiga mwenyewe.

Hapo tunakutana na kikwazo ambacho wilaya haiwezi kukiondoa peke yake. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Matokeo yake familia inayomwokoa mtoto usiku huanza kwa kutunga uongo wa kumwambia daktari, na mtoto anarudishwa nyumbani akiwa ametibiwa tumbo tu. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na katiba yao. Wabunge wetu wa Serengeti na Tarime, ambao mikutano yao hujaa vijana, wana haki na wajibu wa kuuliza bungeni kwa nini kifungu chetu bado kipo.

Lililo mikononi mwa Halmashauri ya Serengeti lianze sasa, kabla Desemba nyingine haijafika. Kila sekondari iwe na mwalimu wa malezi aliyepewa mafunzo ya kweli na kupunguziwa vipindi, asiyeshika fimbo kabisa, maana hakuna mtoto atakayemfungulia moyo mtu aliyemchapa asubuhi. Kila zahanati imuulize kijana anayerudi mara ya pili na kichwa kisicho na malaria jinsi anavyolala na anavyokula. Afisa ustawi wa jamii apewe usafiri, kwa sababu ofisi yake iko mjini na watoto wako Machochwe na Nata. Na Januari shule zikifunguliwa, kabla ya mtihani wa kwanza, kila mwalimu wa darasa alitazame daftari lake la mahudhurio jina kwa jina, amtafute aliyerudi akiwa mwingine, na asimwambie itapita. Amuulize likizo ilikuwaje, kisha angoje jibu hata likichelewa.